Uvimbe wa Kinena: Usiufiche, Usiukate

Jambo nitakalowaeleza leo ni jambo ambalo watu wengi hawapendi kulitaja mbele za wenzao, nalo ni uvimbe utokeao kinenani, yaani katika mkunjo ule ulio baina ya tumbo na paja, au chini yake kidogo, mwanzo wa paja. Nawaomba radhi wazee na akina mama kwa kuwa itanipasa kutaja viungo vya siri. Lakini wenyewe mwajua ya kuwa mficha maradhi, kifo humwumbua.

Nami nina sababu ya kusema. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa kupasua mbao. Kwa muda wa miaka mitatu nilimwona, kila akohoapo au ainuapo gogo, huweka mkono kinenani upande wa kuume, akajibonyeza, kisha akaendelea na kazi yake. Mimi ni mwalimu, nimesomea habari za viungo vya mwili, nami nilijua kilichompata. Lakini yule ni baba yangu, nikaona haya kumwuliza. Naye aliona haya kuniambia. Siku moja alipokuwa akiinua ubao mzito, uvimbe ulitoka usirudi tena. Usiku ule alikandwa kwa maji ya moto. Siku ya pili alianza kutapika. Siku ya tatu tukampakia katika gari la mizigo kwenda hospitali. Daktari alimpasua upesi, akakuta kipande cha utumbo kimekufa na kutoboka, na uchafu umekwisha enea tumboni. Baba mdogo hakurudi nyumbani. Ngiri ndiyo iliyomwua, lakini haya yake na haya yangu ziliisaidia.

Basi leo nataka mjue jambo moja: uvimbe wa kinena si ugonjwa mmoja. Ni alama, na alama hiyo yaweza kuwa na sababu nyingi. Nyingine ni ndogo sana, hupona zenyewe. Nyingine huua kwa siku mbili tatu. Mtu asiyejua tofauti yake atahangaika bure kwa ile ndogo, na atalala usingizi kwa ile kubwa.

MAHALI PENYEWE

Kwanza na tufahamu mahali penyewe. Kinena ni kama lango la boma, maana vitu vingi hupita hapo. Iko kano moja imara iliyotandwa kutoka mfupa wa nyonga mpaka mfupa wa kinena. Juu ya kano hiyo ni ukuta wa tumbo, uliofanywa kwa nyama. Nyuma ya ukuta huo mna matumbo. Chini ya kano hupita mishipa mikubwa ya damu iendayo mguuni na kurudi. Kuizunguka mishipa hiyo zimo tezi ndogo ndogo nyingi. Tena kwa wanaume iko njia nyembamba katika ukuta wa tumbo. Mtoto angali tumboni mwa mama yake, korodani zake huumbwa ndani ya tumbo, kisha hushuka kwa njia hiyo mpaka mfukoni mwake. Njia hiyo hubaki mahali dhaifu maisha yote. Kwa hiyo uvimbe ukitokea hapo, yafaa kujiuliza: je, ni tezi, au ni utumbo uliotoka, au ni mshipa wa damu, au ni ngozi yenyewe?

MITOKI

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni mitoki, yaani tezi zilizovimba. Katika mwili mzima imo mirija myembamba sana ichukuayo maji yaitwayo limfu. Kabla maji hayo hayajarudi katika damu, hupitishwa katika tezi, ambazo kwa umbo ni kama punje za maharagwe. Kazi yake ni kukamata vijidudu vya ugonjwa na kupigana navyo. Tezi za kinenani hulinda miguu, matako, ngozi ya chini ya tumbo, tupu ya nje, na mahali pa haja kubwa. Vita ikiwa kali, tezi huvimba na kuuma.

Basi mtoki aghalabu si ugonjwa wenyewe; ni mlinzi apigaye kelele. Usimpige mlinzi, mtafute mwizi. Mtu mwenye mtoki na atazame kwanza mguu wa upande ule ule: kucha, katikati ya vidole, wayo na kisigino. Mara nyingi ataona funza, au mwiba uliovunjikia ndani, au kidonda cha jembe, au ngozi iliyopasuka. Kidonda kikioshwa kwa maji safi na sabuni na kutibiwa, mtoki hunywea baada ya wiki mbili tatu. Tena watu wengi waendao miguu mitupu huwa na tezi ndogo zinazoshikika kwa vidole siku zote, wala hawana ugonjwa. Hilo lisiwatie hofu.

Ikiwa mguu ni mzima, yapasa kutazama tupu. Magonjwa ya zinaa huleta mitoki. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, na mitoki yake ni migumu, nayo haiumi. Kidonda hicho hupona chenyewe baada ya wiki kadhaa, na mtu hudhani amepona, kumbe ugonjwa umeingia ndani. Pangusa huleta kidonda kiumacho sana, na mtoki wake waweza kutunga usaha. Magonjwa haya yana dawa, na kaswende huponywa kwa penisilini. Lakini mume na mke hawana budi kutibiwa pamoja, ama sivyo wataambukizana tena.

Ikiwa tezi zimevimba si kinenani tu bali shingoni na makwapani pia, na mtu anakonda, ana homa za mara kwa mara na jasho jingi usiku, hapo sababu imo katika mwili mzima. Yaweza kuwa kifua kikuu, au virusi vya Ukimwi, au saratani ya tezi. Asibahatishe, aende apimwe.

Tena kuna alama moja ambayo watu wachache huijua. Saratani moja ya ngozi hupenda kuota katika wayo wa mguu au chini ya kucha, hata kwa watu weusi. Huanza kama doa jeusi, nalo hukua, pengine huwa kidonda kisichopona. Baadaye tezi ya kinenani huvimba, ikawa ngumu kama jiwe, isisogee wala kuuma. Kwa hiyo narudia: atazamaye kinena na atazame na wayo.

MTOKI WA TAUNI

Mtoki mmoja una habari yake peke yake, nao ni mtoki wa tauni. Mwaka 1894, tauni ilipokuwa ikiua watu wengi Hong Kong, daktari Alexandre Yersin aliona kijidudu kinacholeta ugonjwa huo. Mwaka 1898 daktari mwingine, Paul-Louis Simond, alieleza ya kuwa viroboto vya panya ndivyo viuchukuavyo na kuwatia watu. Kwa kuwa viroboto huuma miguu zaidi, mtoki wa tauni hutokea kinenani mara nyingi.

Msidhani hizi ni habari za nchi za mbali tu. Katika wilaya ya Lushoto, Tanzania, tauni ilizuka mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara kwa miaka mingi. Ituri katika Kongo, na kisiwa cha Madagaska, ni mahali ambapo ugonjwa huo haujakoma.

Dalili zake ni hizi: mtu hushikwa ghafula na homa kali, kutetemeka, kuumwa kichwa na kulegea mwili, kisha mtoki mmoja huvimba, nao huuma hata hawezi kuvumilia kuguswa. Pengine kabla ya hayo panya wameonekana wakifa ovyo nyumbani au shambani. Asipotibiwa, katika kila wagonjwa 100 hufa baina ya 30 na 60. Akipata dawa za kuua vijidudu mapema, wengi hupona. Hapa hakuna kungoja hata siku moja. Panya mfu asishikwe kwa mkono mtupu, na habari ipelekwe zahanati na kwa mkuu wa kijiji siku ile ile.

NGIRI

Sasa naja katika ugonjwa uliomchukua baba yangu mdogo. Ngiri, ambayo wengine huiita mshipa na wengine henia, ni tundu katika ukuta wa tumbo. Utumbo au mafuta ya tumboni hupenya hapo na kutokeza chini ya ngozi. Mfano wake ni gunia lililochanika mshono: ukiliinamisha, nafaka hutokeza, ukililaza, hurudi ndani.

Mfano huo ndio unaotuonyesha namna ya kuitambua. Ngiri hutokeza mtu asimamapo, akohoapo, ainuapo mzigo au ajikamuapo chooni. Alalapo chali, hurudi ndani yenyewe, au kwa kusukumwa polepole. Mtoki haufanyi hivyo. Mtoki hukaa pale pale, ulale usilale.

Ngiri ni za namna mbili hapo kinenani. Ya kwanza hutoka juu ya mkunjo, nayo yaweza kushuka mpaka mfuko wa korodani. Hii huwapata wanaume zaidi, kwa sababu ya ile njia niliyoitaja. Watoto wachanga wa kiume nao huzaliwa nayo pengine. Akina mama, sikilizeni: kitovu kilichotokeza cha mtoto mchanga mara nyingi hujifunga chenyewe akuapo, lakini ngiri ya kinena haijifungi. Mtoto huyo na apelekwe hospitali mapema.

Ya pili hutoka chini ya mkunjo, juu ya paja. Huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa wenye umri mkubwa. Ni ndogo, pengine kama kokwa ya tende, wala haitikisiki sana mtu akikohoa, kwa hiyo hudhaniwa kuwa mtoki. Lakini tundu lake ni jembamba na kingo zake ni ngumu, kwa sababu hiyo hii ndiyo hukwama upesi kuliko ile ya kwanza. Bibi mzee anayetapika na tumbo kumsokota, na aulizwe kwa upole, tena na mwanamke mwenzake, kama ana uvimbe mdogo pajani.

Kukwama ndiko kuliko na hatari. Utumbo ukibanwa na tundu, damu haipiti tena, na sehemu ile huanza kufa baada ya saa chache. Dalili zake zikumbukeni: uvimbe uliozoea kurudi haurudi, ni mgumu, unauma, tumbo linasokota na kujaa, mgonjwa anatapika, hapiti choo wala upepo. Huyu asikandwe, asisukumwe kwa nguvu, asipewe dawa ya kuhara, wala asipewe chakula, maana huenda akapasuliwa. Achukuliwe hospitali usiku ule ule. Ngiri iliyokwama haingoji mapambazuko.

Wengi huuliza, je, hakuna dawa ya kunywa? Hakuna. Ukuta uliotoboka hauzibwi kwa dawa ya kunywa. Huzibwa na fundi. Mwaka 1887 daktari wa Italia, Edoardo Bassini, alitangaza njia yake ya kushona ukuta huo tabaka kwa tabaka, na wengi waliomfuata walijenga juu ya kazi yake. Siku hizi madaktari huweka pia wavu mdogo wa kutia nguvu mahali hapo. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa mashariki ya Uganda kwa wanaume 302: nusu walitiwa wavu wa bei ghali, na nusu wavu wa bei rahisi uliofumwa mfano wa chandarua na kutakaswa vijidudu. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana baina yao. Lakini mtu asije akampelekea daktari chandarua cha kitandani! Nimelitaja jambo hili mjue ya kuwa kazi hii yafanyika katika nchi zetu wenyewe, na ya kuwa wataalamu wanatafuta njia ya kuifikisha kwa mtu wa kawaida.

BUSHA NA UVIMBE MWINGINE

Wa pwani wataniuliza habari za busha. Busha ni maji yaliyokusanyika katika mfuko wa korodani, nalo hukaa chini, si kinenani. Ila likiwa kubwa, watu hulichanganya na ngiri. Ukishika juu ya uvimbe na kukuta shingo ya mfuko ni nyembamba, yaelekea ni busha. Uvimbe ukiendelea juu mpaka tumboni, yaelekea ni ngiri. Mabusha mengi ya pwani, na matende pia, huletwa na vijinyoo viambukizwavyo na mbu. Ni daktari Patrick Manson, alipokuwa akifanya kazi katika China, aliyeona mwaka 1877 ya kuwa vijinyoo hivyo huingia katika mbu. Vijinyoo hivi hukaa katika mirija ya limfu, kwa hiyo huleta mitoki na homa pia. Tanzania ilianza kugawa dawa kwa watu wote katika kisiwa cha Mafia mwaka 2000. Watu wakiambiwa wazinywe dawa hizo, wasizitupe wakisema, Mimi sina busha. Kinga huja kabla ya busha.

Uvimbe mwingine nautaja kwa ufupi. Jipu ni la ngozi, ni jekundu au jeusi, lina joto na kichwa cha usaha. Uvimbe laini wa mafuta hukua polepole kwa miaka, nao hauna madhara makubwa. Mtoto wa kiume mwenye uvimbe kinenani, na mfuko wake mtupu upande ule, yawezekana korodani haikushuka; apelekwe kabla hajatimiza mwaka mmoja. Uvimbe laini usiouma wala kuwa na joto, kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi, waweza kuwa usaha wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ulioteremka mpaka pajani. Na uvimbe udundao kama moyo ni mshipa mkubwa wa damu uliotanuka. Atakayeukata huo kwa wembe atamwua mwenzake palepale.

Hiyo ndiyo sababu nasema, usiukate. Siwadharau wazee wetu wajuao miti na mizizi. Lakini wembe hauoni kilicho chini ya ngozi. Huenda ukafikiri unakata jipu, kumbe umekata utumbo.

YATUPASAYO KUFANYA

Mtu akiona uvimbe, na afanye mambo manne. Asimame akohoe, aone kama unatokeza. Alale chali, aone kama unarudi. Autie vidole polepole, ajue kama ni mgumu au laini, unauma au hauumi, unadunda au haudundi. Kisha atazame mguu na tupu yake. Aandike siku aliyouona kwanza. Ukiwa ni mtoki wenye kidonda mguuni, atibu kidonda. Usipopungua kwa wiki tatu, au ukizidi kukua, aende zahanati. Ukiwa ni uvimbe urudio alalapo, aende mchana, kwa miguu yake, kabla haujakwama. Ukiwa na homa kali ya ghafula, au ukikwama, asingoje.

Namalizia kwa habari moja. Baada ya msiba wetu nilianza kufundisha somo hili katika chuo chetu cha ualimu. Siku ya kwanza wanafunzi walicheka, niliwaacha wacheke. Baada ya somo mmoja alibaki nyuma, akaniambia, "Mwalimu, yuko mtu mwenye uvimbe kama huo urudio akilala, naye hasemi. Nifanyeje?" Nikamwuliza ni nani. Akatazama chini, akasema, "Ni baba."

Nilikumbuka haya yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe usimwambie. Je, mjomba wako hutaniana na baba yako?" Akajibu, "Sana, Mwalimu." Nikasema, "Basi mweleze mjomba haya yote niliyofundisha. Shemeji aweza kusema neno ambalo mtoto hawezi." Kijana akaandika barua. Likizo ilipokwisha alirudi chuoni na mkungu wa ndizi, salamu kutoka kwa baba yake, aliyekwisha pasuliwa na kushonwa. Aliniletea na ujumbe wake: ya kuwa mkungu huo angeuleta mwenyewe, ila daktari amemkataza kuinua mizigo kwa wiki kadhaa, na shemeji yake anamlinda kama askari.

Basi, wasikilizaji wangu, kama uvimbe huo ni wako, mwambie mmoja unayemwamini. Na kama ni wa mzee wako, nawe unamwona kila siku akijibonyeza na kunyamaza, mtafute mtu wa kumwambia. Mimi sikumtafuta. Kwaherini.